Mguu wa Mkulo

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umekalia Kwesimbi, na Salama alikuwa kijitoni akiosha karoti. Alikuwa amekunja gauni mpaka magotini, amezitia karoti ndani ya kiroba, anazikanyagakanyaga taratibu ili udongo utoke bila ngozi kuchubuka. Maji yalikuwa machache. Zamani yalimfika magotini. Sasa yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na ilimbidi akiburute kiroba kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Lawama zote alimtupia Bertha, jirani yake wa shamba la juu, ambaye aliamini anayachepusha. Walikuwa hawajasalimiana tangu kiangazi.

Juu, barabarani, mbwa wake alikuwa amelala kando ya viroba vilivyokwisha kushonwa, akivilinda. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililokata tamaa. Aliitwa Mgambo kwa kuwa alimbwekea kila mtu bila kumweleza kosa lake. Wapo waliomcheka Salama, mjane mswalihina, kuamka alfajiri kumkorogea mbwa uji. Lakini shamba lake lilipakana na msitu, na tangu mumewe afariki, Mgambo ndiye aliyesimama kati ya karoti na nguruwe pori. Bila yeye, Salama angekuwa analima kwa niaba ya nguruwe.

Lori la Bwana Hamza, mwenyekiti wa kijiji, liliteremka kutoka upande wa msituni bila taa na bila honi, limefunikwa turubai. Lilibeba viazi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini viazi vya Bwana Hamza vilikuwa virefu kiasi cha kutokeza nyuma ya bodi. Kwenye kona, tairi la nyuma likapanda ukingoni, likamkanyaga Mgambo mguu wa nyuma wa kulia, likashuka, likaendelea na safari yake. Kwa ule mtikisiko, kiazi kimoja kikadondoka.

Salama aliposikia ukelele alipanda ngazi za udongo akiwa na karoti bado mkononi. Mgambo alikuwa amelala ubavu, anatazama mguu wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Mguu ulikuwa umeelekea upande usio wake. Salama hakulia. Alivua khanga ya juu akamviringisha mbwa, akamlaza kwenye kiroba kitupu. Kisha akakiokota na kile kiazi, ambacho kilikuwa kipande cha gogo chenye urefu wa mkono, kwa sababu kuni nzuri haiachwi barabarani hata siku ya msiba.

Hafidhi, mwendesha bodaboda, alikuwa ndiyo kwanza anaipangusa pikipiki yake.

"Mama Salama, huyo ni mbwa," alisema.

"Najua."

"Pikipiki hii Jumamosi ilibeba bibi harusi."

"Basi leo inabeba mgonjwa. Washa."

Hafidhi aliwasha. Waliteremka kuelekea Lushoto, Salama nyuma, Mgambo katikati, kile kipande cha gogo kwapani. Kwenye kila kona Hafidhi aliwakumbusha kwamba akilambwa shingoni atalazimika kujitwaharisha, na kwenye kila kona Salama alimjibu asigeuze shingo. Mgambo hakumlamba mtu. Alikuwa ameuma kona ya khanga na alipumua kwa pua tu.

Daktari wa mifugo aliitwa Elinuru, na chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la pembejeo. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa wa milima ile walimtambua kwa mkono wake wa kulia tu, kwani aghalabu ndio waliokutana nao. Mbwa waliomfikia walikuja kuchanjwa, wakaondoka wenyewe kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtazame huyu."

Elinuru alimtazama. Aliupapasa mguu toka chini kwenda juu, na alipofika pajani Mgambo akamwonyesha meno yote, hata yale ya ndani.

"Mfupa wa paja umevunjika kabisa," alisema Elinuru. "Tunaweza kuukata mguu. Tunaweza kumlaza asiamke tena, asipate tabu. Au tunaweza kumpasua, tukauunga mfupa."

"Unga."

"Kuunga kunataka pini, mama. Ni kijiti cha chuma kinachopitishwa katikati ya mfupa ili vipande vishikane. Pini zangu ziliwekwa kwenye basi kutoka Morogoro, utingo akapitiwa na usingizi, zikashuka Mnazi. Sasa ziko kule chini na joto lote lile, wala hakuna ajuaye zitapanda lini."

Salama alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alimweleza habari za nguruwe. Alimweleza pia kwamba usiku akiwa peke yake nyumbani humsikia Mgambo akizunguka nje, na kwa ule mchakacho wa kucha zake ndipo yeye hupata usingizi. Hili la pili hakuwa amekusudia kulisema, na alipolisema aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Macho ya Elinuru yakaangukia kile kipande cha gogo.

"Na hicho?"

"Kuni."

Daktari alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikaitika kama mlango wa mtu tajiri. Alikinusa, akakitazama tena, akasema aitwe seremala.

Seremala wa karibu alikuwa Kassimu, mdogo wa marehemu mume wa Salama, mwenye karakana yake pale pale mjini. Alikuja na penseli sikioni. Alipoushika mti ule alisita.

"Shemeji, huu umeutoa wapi?"

"Umedondoka."

"Umedondoka kutoka wapi?"

"Kwenye viazi."

Kassimu aliusogeza puani. Mti ule ulikuwa na harufu kali ya kafuri, na hakuna mtu wa Usambara asiyeijua harufu ya mkulo, mti mkubwa wa msituni ambao haukatwi, ambao hata babu zao waliukuta una kibao cha kukataza.

"Viazi vya mwaka huu vinanukia vizuri," alisema Kassimu, akakaa chini kuchonga pini.

Upasuaji ulianza baada ya adhuhuri. Elinuru alimchoma Mgambo sindano ya usingizi kwa kipimo cha ndama, akakipunguza kwa makadirio. Alimnyoa manyoya, akampaka dawa, akapasua. Salama alishika tochi ya simu. Hafidhi alifukuza nzi kwa gazeti, amegeuza uso ukutani, akiuliza kila mara kama wamemaliza. Kassimu alisimama mlangoni na tupa, akipokea kijiti, anakipunguza unene kidogo, anakirudisha, nacho kinachemshwa tena. Harufu ya kafuri ilijaa chumbani hata ng'ombe aliyekuwa amefungwa nje akapiga chafya. Mwishowe kijiti kikaingia mfupani kwa sauti ndogo, kama droo nzuri inayofungwa, na vipande vya mfupa vikakutana.

"Hapo," alisema Elinuru, akaanza kushona. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka soksi.

Mgambo aliamka akiwa na ndoo ya rangi iliyokatwa kitako shingoni mwake, ili asijilambe mshono. Alijaribu kubweka. Sauti ilipotokea ndani ya ndoo ikawa kubwa mno, naye mwenyewe akaiogopa, akalala tena.

Uuguzi ulikuwa mgumu kuliko upasuaji. Salama alimpa dawa ndani ya dagaa. Mgambo alikula dagaa akatema dawa. Alimfunika gunia, Mgambo akalila gunia. Asubuhi na jioni alimpitishia kipande cha khanga chini ya tumbo, akamwinua upande wa nyuma, wakatembea uani hivyo, mmoja ameshikilia na mwingine ameshikiliwa, kama wazee wawili waliotoka harusini. Usiku ule wa kwanza nguruwe walikuja. Walikula tuta zima la karoti, wakarudi msituni bila haraka.

Elinuru alipopanda Kwesimbi kutoa nyuzi na kufungua bandeji, walikuta jani. Lilikuwa limetokeza pembeni ya mshono, bichi, laini, la ukubwa wa ukucha. Daktari alivaa miwani. Aliligusa kwa kibano, Mgambo akavuta mguu.

"Anasikia," alisema Elinuru. "Hiyo ni habari njema. Kiungo kimeshika."

"Na jani?"

"Jani ni dalili kwamba damu inafika." Aliandaa sindano ya mwisho. "Endelea kumtembeza. Asishinde juani, mguu mmoja utarefuka kuliko mingine. Mvua ikinyesha asisimame mahali pamoja. Na usimwekee mbolea."

Salama aliyazingatia yote, isipokuwa siku moja alipokwenda kuchota maji mvua ikamkuta njiani. Aliporudi alimkuta Mgambo amesimama katikati ya ua, analia kwa sauti ya chini. Mguu ulikuwa umetoa mizizi. Alimng'oa kama anavyong'olewa muhogo, kwa kuyumbisha huku na huku kwanza ili mzizi usikatikie ndani, akamkung'uta udongo, akamkausha.

Majani yaliongezeka. Wenye mafua walikuja kuomba moja moja la kujifukizia, na Mgambo aliwakubalia aliowafahamu. Mwalimu wa madrasa alipoulizwa kuhusu kugusa mguu ule alifikiri, akasema kwamba mti ni safi, mbwa ndiye mwenye masharti, kwa hiyo mtu achume bila kuteleza. Kisha mbuzi wa Bertha akavunja ua na kuula mguu mpaka karibu na mfupa, na wale wanawake wawili wakazidi kutosalimiana.

Mgambo alipoanza kutembea mwenyewe, miguu haikupatana. Mitatu ilitaka kwenda shambani. Wa nne ulitaka kwenda msituni. Kila Salama alipomfungua, mbwa alizunguka kwanza duara moja kwa ubishi, kisha mguu ule ukashinda na kumvuta mlimani kinyumenyume. Salama alimrudisha mara nyingi. Siku moja akachoka, akafunga khanga kiunoni, akamfuata.

Waliingia msituni kwa njia ya wakata fito, wakaiacha, wakapanda penye magugu marefu. Hapo Mgambo alipiga mbio kwa mara ya kwanza tangu aumie. Salama alimkuta amesimama kando ya kisiki kipana kuliko kitanda, mguu wake wa kulia ameubandika juu yake, utomvu unamchuruzika mpaka kwenye kucha. Kisiki kilikuwa kimefunikwa kwa matawi. Salama aliyaondoa. Akaona rundo jingine la matawi mbele yake, akaliondoa, na jingine, na jingine. Mteremko wote ulikuwa visiki. Katikati yake zilipita alama za matairi, na pale zilipopita ndipo zilipokuwa chemchemi za kijito chake. Ilibaki rojo ya tope, na chura mmoja aliyekaa juu ya tope lile kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Salama alikaa kwenye kisiki. Alimfikiria Bertha, na mambo aliyoyasema juu ya Bertha sokoni, na kisimani, na kwenye msiba wa watu. Hapo ndipo alipolia. Mgambo alimngojea, akiunyanyuanyanyua mguu asije akashika mizizi.

Walipoteremka, Salama alipitia kwa Bertha kabla ya kufika kwake.

"Onga mshi," alisalimia kwa Kisambaa akiwa mlangoni.

Bertha alimtazama, akamtazama mbwa. "Onga mshi. Ingia. Maji yangu nayo hayafiki, kama ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui."

"Ungeuliza."

Wakaketi. Bertha akamenya viazi, vya kawaida, na Salama akamweleza alichokiona.

Malalamiko yao yalipelekwa ofisi ya kijiji, na afisa wa misitu akaja. Aliitwa Mikaeli, mtu mpole, mwenye buti safi sana. Kikao kilifanyika asubuhi. Bwana Hamza akakaa kwenye meza yake mpya, pana, iliyopigwa vanishi, chai ikafuka mbele yake. Watu walijaa hadi madirishani. Mgambo alipoingia alimbwekea mwenyekiti muda mrefu, na safari hii hakuna aliyehitaji kuelezwa kosa.

Mikaeli alichuchumaa, akatoa futi ya utepe, akaupima mguu urefu na mzingo. Alikunja jani, akalinusa.

"Huu ni mkulo," alisema kwa huzuni. "Mkulo haumilikiwi bila kibali. Kibali kiko wapi, mama?"

"Mwanangu, sisi tumekuita kwa ajili ya msitu," alisema Salama. "Kule juu kumekwisha. Twende ukaone visiki."

"Tutafika huko. Kwanza tumalize mti uliopo."

Elinuru, aliyekuwa amepanda kwa ajili ya kikao hicho na bado amevaa buti za zizini, akainuka. "Huo si mti, bwana. Ni mguu. Nimeutia mimi kwa mikono yangu. Ukiuchukua, mbwa ataanguka."

Mikaeli alilifikiria jambo hilo kwa haki. "Mbwa ni mfugo, na mifugo ni idara yako," alisema. "Sikuingilii. Miguu ya mbele yote ni yako, na wa nyuma kushoto. Huu mmoja ni wangu."

"Na visiki ni vya idara gani?" Salama aliuliza.

"Kisiki si mti, mama. Mti ukishakatwa, haunihusu tena."

"Na aliyeukata?"

Bwana Hamza alijiongezea sukari. Mgambo, kwa kuchoka kubweka, alikuwa ameingia chini ya meza na kulala, mguu wake umeegemea mguu wa meza. Kutoka kwenye ubao uliopigwa vanishi, kando ya kikombe, kukatokeza ncha ya kijani. Ikafunguka ikawa jani, kisha jani la pili, kisha kitawi kidogo kilichoinama kuelekea alipolala mbwa. Harufu ya kafuri ikafika mpaka dirishani.

"Meza yako inachipua, mwenyekiti," Bertha alisema kutoka nyuma.

"Ni unyevu," alijibu Bwana Hamza. Alikichuma kile kitawi, akakitumbukiza kwenye chai, akakoroga, akanywa. "Mvua zimezidi mwaka huu."

Watu wakatazamana. Mvua hazikuwa zimezidi. Lakini mwenyekiti ndiye aliyekuwa akitia mihuri ya kusafirishia mazao, na kila aliyekuwapo alikuwa na kabichi shambani, na kabichi haingoji. Mzee mmoja akasema kweli, unyevu upo. Mwingine akasema hata kwake mlango umevimba. Hafidhi akafungua mdomo, akakumbuka kwamba Bwana Hamza humkodi kila Ijumaa, akapiga miayo.

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Mgambo alitambuliwa kuwa sehemu ya msitu wa hifadhi. Haruhusiwi kukatwa, kuchomwa moto, wala kutundikwa mizinga ya nyuki. Salama atawajibika kwa dhara lolote litakaloupata mguu huo, na mbuzi wa Bertha alipewa onyo la mwisho. Mikaeli alitoa kopo la rangi, akachora pete nyekundu kuuzunguka mguu, kwa uangalifu, asimwumize. Kisha akamshukuru mwenyekiti kwa ushirikiano, akapanda gari. Buti zake zilikuwa safi kama zilivyokuja.

Salama alitoka na hasira. Alisimama nje ya ofisi bila kujua aende wapi. Ni Bertha aliyemshika mkono.

"Angalau mbwa tumempata mzima," alisema.

Na kweli alikuwa mzima. Kabla ya vuli kuisha, Mgambo aliruka mitaro. Nguruwe walipotokea tena aliwafukuza mpaka ndani kabisa ya msitu, nao, walipoona kichaka kinawakimbilia huku kinabweka, hawakurudi kwa muda mrefu. Elinuru alimpima, akaridhika, akasema kama angekuwa ng'ombe angemwita dume la mbegu. Pini za chuma zilipanda kutoka Mnazi baada ya siku nyingi, zimeshika kutu, akazitumia kushikia pazia.

Siku ya kupanda miti ilipofika, wageni walikuja kutoka mjini kwa magari, wakaletewa viti, ngoma ikapigwa. Mikaeli alisimama kwenye kipaza sauti akatangaza kwamba katika msitu wa Kwesimbi mikulo haijapungua. Tena, kwa mwaka huu, umeongezeka mmoja. Watu walipiga makofi. Bwana Hamza aliomba ashike kamba ya Mgambo wakati wa kupiga picha, akaishika, akatabasamu, na mgeni mkubwa akaumwagia mguu kikombe cha maji. Salama alingoja picha iishe, akaichukua kamba yake mkononi mwa mwenyekiti, akaaga kwa adabu. Karoti zilikuwa hazijanyweshwa.

Sasa maji yalichotwa bondeni, mbali, kwa ndoo. Salama na Bertha walipanda pamoja, wakipokezana kupumzika, Mgambo akitangulia. Walipofika karibu na shamba, msumeno ukaanza kulia upande wa juu. Ulilia, ukatulia, ukalia tena. Mgambo alisimama kama aliyeitwa jina. Hakukuwa na upepo, lakini majani yake yote yalikuwa yanatikisika.

Bertha alitua ndoo yake. Salama naye akatua ya kwake, akachuchumaa, akauzungushia mguu viganja vyote viwili, pale penye pete nyekundu, akaushika hivyo mpaka majani yakatulia.

"Twende, baba," alimwambia. "Wewe umepakwa rangi."